Marehemu wa Saa Kumi

Siku ile mjinga alikuwa Randu mwenyewe, na hata leo ukimuuliza hatafuti wa kumsingizia. Watu hufukuzwa kazi kwa wizi, kwa ulevi, kwa kumjibu mkubwa. Yeye kazi yake aliihatarisha kwa ajili ya picha ya Kihindi.

Alikuwa dobi katika hoteli moja ya watalii hapo Malindi, miaka ile ya themanini, wakati ambapo picha mpya ikiteremshwa kutoka basi la Mombasa, makopo ya mikanda yakibebwa begani, mji mzima ulikuwa na habari kabla hayajafika mlangoni mwa sinema. Picha hii ilianza Alhamisi, saa kumi alasiri. Randu alikuwa zamu. Kungoja onyesho la usiku, wengine wamekwisha kuisimulia, kwake ilikuwa sawa na kula makombo. Basi Jumatano akamwendea msimamizi wake, Mama Kasiva, uso ameukunja kama foronya isiyopigwa pasi, akamwambia mjomba wake Kaingu wa Sabaki amefariki, na maziko ni kesho saa kumi.

Mjomba Kaingu saa hiyo alikuwa shambani akipalilia mahindi, mzima wa afya.

Mama Kasiva akampa ruhusa Alhamisi na Ijumaa. Easter, aliyekunja naye shuka, akamkabidhi mfuko wa sukari aupeleke matangani. Sukari hiyo Randu aliinywea chai kwake.

Jumamosi akarudi kazini kwa hatua za mfiwa. Alijua anachezea nini. Mwezi uliopita Kitsao wa jikoni alifukuzwa kwa kumzika nyanya yake mara mbili, na meneja akaapa kwamba atakayesingizia tena msiba hatapata hata nafasi ya kuaga.

Saa ya chakula waliketi juu ya marobota ya taulo. Mama Kasiva, ambaye hakuwa na habari ya kula, aliendelea kupiga pasi. Yeye mambo ya sinema aliyasikia ukutani tu, maana mpangaji wa chumba cha pili yake ndiye aliyeendesha mashine ya picha.

Musyoka wa mashine za kufulia ndiye aliyeanza.

"Jana tumekwenda kuiona, mimi na Easter. Wacha nikwambie, ningelala nyumbani. Ndugu wawili, kaka mtu anapigwa risasi na watu wa magendo, anazikwa, mdogo mtu analia wimbo mzima, halafu kisasi. Mambo ni yale yale!"

"Lakini yule adui mwenye kovu!" akasema Easter. "Stelingi mwenyewe, yule mdogo mtu, hamfikii hata kidogo. Stelingi gani anapigana na watu kumi, nywele hazivurugiki?"

"Zimegandishwa na mafuta ya nazi."

Wakacheka. Randu akaitazama sahani yake. Siku zote hakimu wa picha mle ndani alikuwa yeye. Hakuna aliyesema hii nzuri au hii mbovu mpaka Randu atoe hukumu. Sasa ulimi ulikuwa unamwasha kama umeguswa na pilipili.

"Leo Randu hana neno?" Musyoka akamchokoza.

"Mwacheni, ana msiba," akasema Mama Kasiva. "Na kesho Jumapili twendeni sote Sabaki tukawape pole wenyewe."

Randu akalirudisha tonge sahanini. "Aa, Mama, msijisumbue. Watu wamekwisha kutawanyika."

"Na mjane wake je, naye katawanyika?"

Hapo angeshika tumbo, angetoka nje, angefanya lolote. Lakini Musyoka, mdomo umejaa ugali, akaongeza:

"Tena aliyeitengeneza ile picha hana akili. Mwanzo tu, mwisho umeshaujua."

"Wewe Musyoka ulisinzia!" Ikamtoka Randu kabla hajaizuia. "Sijapata kuona picha yenye akili kama ile! Kaka mtu anazikwa kwanza. Unamlilia, wala hujui kafaje. Mara ghafla unamwona yu hai, anacheka, anabeba watoto, na wewe kaburi lake umeshaliona! Ndipo anapigwa risasi. Nilikaa roho mkononi!"

Pasi ya Mama Kasiva ikasimama.

"Umeiona lini, Randu?"

"Jana," akajibu upesi. "Nimetoka matangani, nikapita kidogo kuondoa mawazo. Msiba ni mzito, Mama."

Ingempitisha hiyo. Easter alikwisha kuanza kumwonea huruma, na pasi ikaanza tena kutembea.

"Jana sisi tulikuwepo," akasema Musyoka. "Kaka alipigwa risasi, ndipo akazikwa. Kama watu wengine wote."

Ilitosha Randu aseme, labda nimechanganya. Lakini akubali mbele ya Musyoka kwamba picha hakuielewa? Yeye?

"Kazikwa kwanza! Naapa! Nimeona kwa macho yangu haya!"

"Easter?" akauliza Mama Kasiva.

Easter akaitazama sakafu. "Alipigwa risasi kwanza, Mama."

Mama Kasiva akaisimamisha pasi wima, akachomoa waya ukutani. Alisema polepole, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Randu.

"Alhamisi jirani yangu alirudi nyumbani akiogopa kupoteza kazi. Alikosea makopo, akatia mkanda wa tatu kabla ya wa pili. Watu Kihindi hawakijui, wakatazama tu kimya. Onyesho la usiku akawa ameshaipanga sawa, na hajakosea tena. Waliomwona yule kaka akizikwa kabla ya kufa ni watu wa Alhamisi saa kumi, peke yao."

Alhamisi saa kumi. Musyoka akapiga mbinja. Easter akaikumbuka sukari yake, na huruma yote ikamtoka usoni.

"Mama, hebu nisikilize," Randu akababaika. "Picha ni picha, na mjomba ni mjomba. Makopo ya sinema na msiba wangu yanahusiana wapi?"

"Vua aproni, Randu, uende Sabaki. Mjomba wako umekwisha kumzika. Sasa kaa naye umngoje afe, ndipo urudi kazini."