Uzi wa Kabati la Joto

Msuli wa mume wangu uliishi bila yeye, kwenye kisahani, katika maabara ya chuo kikuu, hapa mjini Khon Kaen. Daktari Orawan alichukua kinyama kidogo pajani kwa sindano, huku akimpepea Khamsing wangu kwa karatasi kwa sababu alimwona anatoka jasho. Sisahau hilo. Alitaka kujua kwa nini msuli wa mwenye kisukari unashindwa kutumia sukari, kwa hiyo aliuotesha, akaulisha, akaufanyisha mazoezi kwa umeme.

"Mimi nakaa bure, msuli wangu una kazi chuoni," Khamsing alitania.

Baada ya sikukuu ya mwaka mpya, ile ya kumwagiana maji, paja lake lilianza kunywea. Kila siku tukishakula chakula cha mchana, lilikuwa linakaza na kulegea lenyewe, kama la mtu anayepanda ngazi, na yeye amekaa mkekani. Halafu inakuja njaa. Anamaliza kikapu chake cha wali wa kunata, anatazama changu.

"Mzee, si umekula sasa hivi?"

"Mimi nimekula. Yeye hajala."

"Yeye nani?"

Alikuwa kama anasikiliza kitu.

Aliposhindwa kusimama bila kushikwa, niliogopa kwamba nitampoteza. Nikampigia simu Orawan, nikamuuliza ule msuli wanaufanyisha kazi wakati gani.

"Mchana, bibi, tukishakula. Kisha tunauondolea sukari tuone utafanyaje. Kwani vipi?"

Nilikwenda. Alinivalisha viatu vya maabara mwenyewe, akapiga magoti kunifunga kamba. Ndani ya kabati la joto, nyuma ya kioo, kulikuwa na kisahani cha maji ya rangi ya waridi, na ndani ya maji uzi wa nyama, mweupe kama tambi, umenyooshwa kati ya vijiti viwili. Ulikuwa unavuta. Unaachia. Unavuta.

Kwenye kishikio cha kabati palikuwa pamefungwa uzi mweupe wa pamba.

"Nani kafunga huu?"

"Mimi, bibi. Mwaka mpya tulipofungana nyuzi mikononi, nikasema mzee naye apate baraka. Wenzangu walinicheka sana."

Nilitafuta kiti. Uzi ule tunaufunga ili khwan, roho zinazokaa katika viungo vya mtu, zisizurure. Zinabaki pale zilipofungwa. Mtoto huyu, kwa upendo wake, alikuwa ameifunga roho ya paja la mume wangu kabatini.

"Mwanangu, umemfungia mzee nje ya mwili wake."

Nilidhani atacheka. Alishusha sauti. "Jana nilizima umeme, bibi. Msuli haukuacha kuvuta. Nikajiambia mashine ni mbovu."

"Tufungue."

"Msuli ukifa, kazi yangu ya mwaka mzima imekwisha." Akautazama kwa muda. Kisha akachukua mkasi.

"Weka chini! Uzi huu haukatwi."

Tuliufungua kwa kucha, mimi upande huu, yeye ule. Nikaita: njoo, khwan ya paja, njoo nyumbani, wali umeiva, usikae kwenye maji ya watu. Nyuma ya kioo ile nyama ilivuta mara moja, kwa muda mrefu, ikalegea.

Orawan alifuta machozi, akanirudisha kwa gari lake. Nilikuwa nimefumbata uzi kwa mikono miwili kama kifaranga, na kila penye shimo alipunguza mwendo, ingawa sikumwomba.

Nilimfunga Khamsing uzi ule mkononi. Paja likatulia. Baada ya muda aliweka kiganja chini, akainuka mwenyewe, akaenda taratibu hadi mlangoni alipokuwa amesimama Orawan.

"Unaimba vizuri, mwanangu," akamwambia, "ukiwa peke yako mle ndani."

Orawan alinitazama. Nikatikisa kichwa, mimi sikujua kama anaimba.

"Ila saa za njaa," Khamsing akasema kwa upole, "ulikuwa huimbi."