Jiwe Lililovujia Juu

Jumatatu asubuhi, mtaalamu wa miamba wa taasisi ya utafiti wa nishati alifungua stoo ya sampuli, akawasha taa, akakuta jiwe la kisima cha tatu cha kutafutia mafuta linavuja. Lilikuwa gogo la mwamba lililochorongwa ardhini zamani na kusimamishwa kwenye fremu ya mbao. Matone yalitoka kwenye jiwe yakapanda kugonga dari.

"Mama Mawe, dari itaoza hii," alisema mhudumu wa usafi. Akatafuta ndoo, akaipigilia darini, mdomo chini.

Mama Mawe, ambaye jina lake la kweli lilibaki kwenye mkataba tu, alililamba jiwe, kama wenzake wa fani wanavyofanya tangu chuoni. Chembe kubwa zilimkwaruza ulimi upande wa juu, laini zilikuwa chini. Lakini mchanga unapotua majini, chembe kubwa ndizo hutangulia kuzama chini. Kumbe aliyelisimamisha alichanganya kichwa na miguu, na maji yalikuwa yanatafuta chini yake ya kweli.

Ripoti ya kisima hicho ilisema kwamba tabaka nene la udongo wa mfinyanzi limeyafunika mafuta yasipande kwenye visima vya maji vya mji wa karibu. Jiwe likigeuzwa, udongo huo ulikuwa chini ya mafuta, na juu hapakuwa na kizuizi. Katika mji huo aliishi mama yake mzazi, akinywa maji ya kisima cha uani.

Mama Mawe alipanda kwa mkurugenzi. Ndiye aliyelisimamisha jiwe lile enzi za ujana wake, na lilimpa cheo.

"Linavujia juu?"

"Ndiyo, bosi."

"Wekeni ndoo."

"Tumeshaweka. Lakini limepinduliwa. Tukichimba, mafuta yataingia visimani."

"Dada yangu, mitambo imeshafika. Nikamwambie nani kwamba nilisoma jiwe kichwa chini? Yaliyopita si ndwele. Andika kwamba stoo ina unyevu."

Aliandika. Alijiona mwoga, na kweli alikuwa mwoga: mkataba wake ulikaribia kwisha, na alikuwa na watoto wawili chuoni.

Uchimbaji ulikwenda vizuri. Kila jioni mhudumu alipanda ngazi, akaishusha ndoo vilevile mdomo chini, akaipindulia dirishani, na maji yakaenda zake mawinguni. Mama Mawe alipandishwa cheo, akawa msemaji wa taasisi kwa wananchi.

Safari yake ya kwanza ilikuwa mji wa mama yake, ambako watu walilalamika kwamba maji yananuka mafuta ya taa. Alisimama katika ukumbi wa shule, akaonyesha picha za rangi, akaeleza kwamba udongo wa mfinyanzi haupitishi kitu. Katikati ya maelezo koo lilimkauka. Mama yake, aliyekaa mstari wa mbele, aliinuka kwa shida akamletea glasi ya maji aliyoyateka nyumbani.

"Kunywa, mwanangu. Wenzangu wananunua ya chupa. Mimi nayanywa tu, maana mjuzi wa huko chini nimemzaa mwenyewe."

Aliyanywa yote, na ukumbi mzima ukapiga makofi.