Asipokaa, Hakai

Mbwa mwenyewe aliitwa Futi, na hakuna aliyemwona akauliza kwa nini. Kichwa chake kilikuwa mlangoni, mkia uko karibu na cherehani, na katikati palikuwa na mgongo, mgongo, na mgongo tena. Miguu ilikuwa mifupi kana kwamba aliyemshona aliishiwa kitambaa. Aina yake ni dachshund, neno ambalo mjomba wa mwenye mbwa kila akijaribu kulitamka, watu humpa pole ya mafua.

Mwenye mbwa alikuwa fundi cherehani, msichana aliyepanga chumba cha mbele, akishona upande huu wa pazia na kulala upande ule. Maisha yao yalikuwa matamu. Asubuhi Futi alimwamsha kwa pua baridi sikioni. Mchana alilaza kidevu juu ya kiatu cha Fundi, kikawa kinapanda na kushuka kila pedali ilipokanyagwa, na yeye anakoroma. Jioni walitoka kutembea, Futi mbele, masikio yakifagia barabara bila malipo.

Balaa lilianzia kwenye kamba ya nguo. Shuka jeupe la mwenye nyumba lilining'inia chini kidogo kuliko ilivyopasa. Futi aliliuma pindo, akalivuta, akazunguka nalo uani kama bibi harusi aliyechelewa, kisha akapita nalo kwenye tope la bombani.

Mwenye nyumba, ambaye wapangaji walimwita Mama Marufuku akiwa hayupo, aliingia na shuka mkononi. Fundi alikuwa amepiga magoti anabana pindo la gauni. Haraka akatema pini kiganjani, maana mkubwa hasalimiwi na mdomo uliojaa vyuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Huyu mbwa anasikia?"

"Anasikia, Mama."

"Mwambie akae."

"Futi, kaa!"

Futi alimtazama Fundi, akalitazama shuka, akapiga mwayo mrefu kama yeye mwenyewe.

"Jumamosi nakuja kuchukua gauni langu," alisema Mama Marufuku. "Utamwambia tena mbele yangu. Asipokaa, hakai."

Akaondoka. Fundi alibaki na maneno yale mawili. Lugha yake mwenyewe, aliyoipenda sana, ilikuwa imemfukuza mbwa wake kwa kitenzi kimoja.

Akamwita Mjomba, mlinzi mstaafu aliyefanya kazi na mbwa wakubwa hadi akaanza kutembea kama wao.

"Mbwa hafundishwi kwa kelele, mpwa wangu," alisema Mjomba. "Shika kipande cha ini mbele ya pua yake. Kipandishe taratibu juu ya kichwa. Pua ikipanda, makalio yanashuka. Yakigusa sakafu tu, sema neno, mpe ini. Papo hapo! Na neno liwe moja. Siyo leo 'kaa', kesho 'keti', keshokutwa 'tulia basi baba'."

"Nitajuaje kama amekaa?"

Swali hilo lilikuwa la haki. Makalio ya Futi yaliishi karibu na sakafu siku zote. Ilibidi Mjomba alale kifudifudi, shavu chini, jicho moja limefumbwa, akiangalia kama mwanga bado unapita.

"Amesimama," alitangaza kutoka sakafuni. "Amesimama... amesimama... hapo! Amekaa!"

Basi Fundi akaanza kazi. Alimfundisha katikati ya kushona, kidogo kidogo, asimchoshe: akimaliza upande mmoja wa pindo, kipande cha ini, akimaliza wa pili, kipande kingine. Yeye amepiga magoti, pini zimepangwa midomoni kama kawaida, Futi mbele yake. Na Futi alielewa! Alikaa mbele ya kioo. Alikaa juu ya mabaki ya vitambaa. Paka alipita mlangoni kwa madaha yake yote, na Futi akakaa, akitetemeka kwa uzalendo.

Mjomba akaja kushuhudia. Fundi akatoa pini, akasalimia, akajivuna kidogo.

"Futi, kaa!"

Futi akaenda kunusa soksi za Mjomba.

"Anakuonea aibu," Fundi alijitetea.

"Aibu? Huyu aliyetembea uchi mbele ya mtaa mzima?" Mjomba alikuna kidevu. "Mimi najua tatizo. Umelichakaza neno. Kutwa nzima hapa unaimba: 'Mabega yamekaa, kiuno hakijakaa, zunguka nione ilivyokaa.' Mbwa anadhani kaa ni habari za magauni!"

Hoja ilimwingia Fundi kichwani. Tangu hapo hakulitamka tena neno lile kwa mteja. Mama mmoja alijipima sketi akauliza, "Vipi, imenikaa?" Fundi akajibu, "Ime... imekuafiki." Yule mama alijitazama kwenye kioo kwa wasiwasi mpaka alipoondoka.

Haikusaidia kitu. Wakiwa wawili, Futi alikaa kama picha. Mgeni akiingia, salamu zikishatolewa, mbwa kiziwi.

Jumamosi Mama Marufuku akafika. Mjomba aliketi pembeni na maini mfukoni. Fundi akasalimia, akavuta pumzi.

"Futi, kaa."

Futi alilala chali, akaonyesha tumbo.

"Kaa, mwanangu. Kaa!"

Akaanza kutafuna kifungo.

"Basi," alisema Mama Marufuku, na kwa kweli hakuonekana kufurahi. "Umeona mwenyewe. Nipime gauni, halafu tuzungumze anaondoka lini."

Gauni likavaliwa, pindo likaonekana limeshuka upande mmoja. Fundi akapiga magoti, akajaza pini midomoni, machozi yanamlengalenga. Futi, kama ilivyo desturi yake, akaingia chini ya gauni kukagua kazi. Pini zilikuwa wazi pale chini. Fundi akaogopa atachomwa, akasema kwa midomo iliyofungwa, bila tumaini lolote:

"Hung'i, ng'aa."

Futi akakaa.

Akakaa barabara, kifua mbele, pua juu, kama mkuu wa shule anayepigwa picha. Mjomba akajitupa sakafuni, shavu chini.

"Hakuna mwanga!" alipiga kelele. "Amekaa!"

"Umemwambia nini?" Mama Marufuku aliuliza.

Fundi akatoa pini kwa heshima. "Nimemwambia kaa, Mama."

Futi akainuka, akaondoka zake.

"Rudisha pini!" Mjomba alifoka. "Rudisha pini mdomoni, wewe mtoto!"

Akarudisha. "Ng'aa." Mbwa akakaa kana kwamba kamba imekatwa.

Mjomba alicheka hadi akamshikilia mdoli wa kuonyeshea nguo wasianguke wote wawili. "Kumbe! Kukaa hujamfundisha hata siku moja! Umemfundisha kung'aa! Na kila mkubwa akiingia, unatoa pini ili umsalimie!"

"Hiyo haihesabiki," alisema Mama Marufuku. "Mimi nilisema akae."

"Si amekaa, dada yangu?"

"Kwa lugha gani?"

"Ya mafundi."

"Na mimi nikimkuta uani na shuka langu, nitamwambiaje?"

Fundi alikuwa na kimto cha pini tu. Akamnyooshea kwa mikono miwili.

Mama Marufuku alitazama mlangoni, asije akaonwa na wapangaji. Akachomoa pini, akaibana midomoni kwa upande usiochoma, akainama.

"Ng'aa."

Futi, ambaye alikwishaanza kulionja pindo lake, akaliachia. Akakaa. Mkia ukafagia sakafu.

"Mpe ini," Mjomba alinong'ona, akimpenyezea kipande. "Papo hapo."

Akampa. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kutabasamu, lakini mashavu ya Mama Marufuku yalipanda yenyewe, hayakuomba ruhusa. Fundi alimtazama.

"Basi, Mama? Atakaa?"

Mama Marufuku alinyoosha gauni lake, akajiweka sawa, akasahau kabisa kutoa pini.

"Atang'aa," alisema.

Na Futi, ambaye alikuwa amekaa tayari, akajitahidi, akakaa zaidi.