Kiganja Juu ya Boneti

Mume wangu hakuwa mtu wa salamu nyingi kwa binadamu, lakini gari likiingia gerejini kwetu alilisalimia. Alikuwa analiacha liungurume, anaweka kiganja cha mkono wa kulia juu ya boneti, anafumba macho, na kutulia hivyo kama mama anayepima homa ya mtoto. Halafu anamgeukia mwenye gari na kumwambia tatizo lake kabla huyo hajafungua mdomo. Watu walimwita Sikio. Mimi nilikuwa nawaambia jina wamelikosea, kwa sababu maneno yangu hayamwingii hata niyarudie mpaka koo likauke. Mtu huyu anasikia kwa mkono.

Nauza vipuri katika duka dogo lililoegemea ukuta wa gereji: vichujio, mikanda, balbu, mafuta ya injini. Dirisha langu la kuuzia linatazama ndani kwake. Tangu niolewe nimekaa kwenye dirisha hilo, na nimemtazama akifanya kazi kuliko nilivyowahi kutazama kitu kingine chochote duniani. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kovu la betri karibu na kidole gumba, na kucha ambazo sabuni ilishazikatia tamaa. Ndio uliotulisha, ukatusomeshea watoto.

Shemeji yangu, mdogo wake wa tumbo moja, ndiye aliyeileta ile pikapu. Anafanya kazi ya kubeba matofali na saruji, na kwa miaka mingi alihangaika na gari bovu ambalo mume wangu alilifufua kila lilipokata roho. Hatimaye akapata pikapu ya kisasa, ya dizeli, nyeupe, bado ina harufu ya viti vipya. Inawashwa kwa kubonyeza kitufe. Ukisahau mkanda inakupigia kelele mpaka ukome. Shemeji akapiga honi mlangoni kama bwana harusi, sote tukatoka kuiona.

Mume wangu akaizunguka, akaweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho. Akakiondoa mapema kuliko kawaida. Akasema ni gari zuri, Mungu alitunze, akarudi kwenye kazi yake. Mimi ninayemjua nikaona kwamba boneti ile haikumwambia kitu.

Basi shemeji akawa anaipeleka mjini kwa mafundi wa kompyuta. Wao wanachomeka waya chini ya usukani, wanasoma kwenye kioo, wanajua gari linaumwa wapi. Ndivyo magari haya yanavyotaka, na sikuona ubaya wake. Lakini mume wangu lilimwingia moyoni. Hakusema, maana kusema angeonekana ana wivu na waya. Ila shemeji akija kutusalimu, alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti, akamuuliza habari za watoto wake, na pikapu akaipita kama imeegeshwa na mtu asiyemjua. Mama mkwe aliliona hilo kabla yetu sote. Alimwita mwanawe mdogo akamwambia kaka yake anaona ametupwa.

Shemeji ni mtu wa moyo laini. Maneno ya mama yake yalimkaa. Kwa hiyo pikapu ilipoanza kutetemeka na kukosa nguvu, taa ya njano ikiwaka mbele yake, hakwenda mjini. Alikuja nayo kwetu taratibu, inakohoa njia nzima, akaizima mbele ya dirisha langu.

"Kaka, nimekuletea," alisema. "Wale wa mjini siwataki tena. Nataka mkono wako."

Sikulipenda. Nilitoka dukani nikamvuta mume wangu pembeni, nikamwambia gari hili si la kufungua hivihivi, amwambie mdogo wake alirudishe kwa wenye kompyuta, hakuna aibu. Alinigeukia. Usoni alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona siku nyingi, furaha ya mtu aliyekumbukwa.

"Ni mdogo wangu," alisema. "Nimwambie sijui?"

Nikarudi dirishani kwangu.

Sasa, nozeli ndiyo inayonyunyizia dizeli ndani ya injini, na kuna njia ya kutafuta iliyo mbovu ambayo mafundi wote wa rika lake wanaijua. Injini ikiwa inanguruma, unachukua spana unalegeza kidogo nati ya bomba linalopeleka dizeli kwenye nozeli ya kwanza. Sauti ikibadilika, hiyo nzima, unaikaza. Unakwenda ya pili. Ukifika kwenye ile ambayo hata ukiilegeza injini haijali, hiyo ndiyo iliyokufa. Dizeli inavuja kidogo, unaipangusa, mambo yamekwisha. Mume wangu alifundishwa hivyo na bwana wake, na alifanya hivyo kwenye malori, matrekta, mabasi na kila kitu kinachokunywa dizeli. Hakuwa mzembe. Alifanya kazi kama alivyofundishwa, na aliyemfundisha hakumdanganya.

Ila kwenye pikapu hizi za kisasa dizeli haitembei kwenye bomba kwa upole. Inasukumwa kwa nguvu ambayo mimi sikuwa najua ipo duniani. Ikipata mwanya mwembamba kama unywele, inatoka kama sindano.

Aliweka kiganja kwanza. Nilimwona kupitia dirishani. Akafumba macho, akakaa hivyo muda mrefu, mpaka nikaona bega lake linashuka kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. Akamwambia shemeji ni ya tatu. Akafungua boneti, akachukua spana kuhakikisha. Nati ya tatu ikalegea kidogo, akapeleka kiganja karibu ajue kama inavuja.

Akaurudisha mkono haraka. Akautazama. Akacheka.

"Imenidonoa," alisema.

Kulikuwa na kitone tu chini ya kidole cha shahada, hata damu haikutosha kulowesha kitambaa. Shemeji akazima gari. Nikampa mume wangu dawa ya kidonda ya dukani akapaka, akatutania kwamba pikapu ya mdogo wake ina meno. Hatukuona jambo. Watu wa gereji hukatwa, huungua, hubanwa na kila kitu. Nani angekimbizwa hospitali kwa kudonolewa? Alisema ataendelea kesho, kwa sababu kidole kilikuwa kimeingia ganzi na spana haishikiki.

Jioni alikula kwa mkono wa kushoto. Nilimuuliza, akasema ni uchovu. Asubuhi nilimkuta amekaa kitini, mkono ameuegemeza kifuani, umevimba mpaka mikunjo ya vidole imepotea, ngozi imekuwa ya rangi nisiyoijua kwenye mwili wa mtu. Shati lilikuwa limelowa jasho. Hakuwa ameniamsha. Nilimfokea njia nzima ya hospitali, nikamwita kila jina, kwa sababu nikinyamaza nilijua nitapiga kelele za aina nyingine.

Daktari aliuliza kilichomchoma ni nini. Mume wangu akasema dizeli. Muuguzi aliona kama hajasikia vizuri, lakini daktari aliacha alichokuwa anafanya. Akauliza gari la aina gani, na ilikuwa lini. Tulipomwambia, akatueleza polepole, bila kutulaumu, kwamba dizeli ile iliingia kwa nguvu ikasambaa ndani chini ya ngozi kufuata mishipa mpaka kwenye kifundo, na tangu jana ilikuwa inaua nyama huko ndani. Alisema kitone kidogo ndicho kinachowadanganya watu. Wakamfanyia upasuaji siku hiyohiyo kuisafisha. Wakarudia tena. Kila waliporudi, palipokuwa pazima jana pamekwisha kuharibika leo.

Mwishowe daktari alikuja akavuta kiti. Mume wangu hakumsubiri aanze.

"Vidole, au mkono?"

"Mkono," daktari alisema, akamgusa juu kidogo ya kifundo. "Mpaka hapa. Tukichelewa itakuwa kwenye bega."

Nililia palepale. Sikwenda kulia nje kama nilivyofundwa. Mume wangu aliugeuza kitandani mkono ule, au kilichokuwa kimebaki, akautazama upande wa kiganja, halafu upande wa nyuma, kisha akasema, "Haya." Neno hilo tu, kama mtu aliyeambiwa kipuri hakipatikani.

Pikapu ilibaki gerejini boneti ikiwa wazi, spana yake bado iko kwenye nati ya tatu. Sikuigusa. Kila nikifungua dirisha la duka ndiyo ya kwanza kunitazama. Nilitamani kuichoma moto, nasema kweli, na nilitamani wakati huohuo shemeji aje nimkamate shingo. Hakuja. Alikuwa anafika hospitali mpaka getini, anauliza walinzi hali ya kaka yake, anarudi.

Ikabidi fundi wa kompyuta atumwe aje aiondoe. Alikuwa mtu mpole. Akachomoa spana akanipa, akakaza nati, akachomeka waya wake, akasoma, akainama upande wa nyuma wa injini na tochi. Haikumchukua muda. Akanionyesha waya unaokwenda kwenye nozeli ya tatu: umegugunwa, nyuzi za shaba ziko nje. Panya. Nozeli yenyewe haikuwa na kosa lolote. Akaunga kipande cha waya, akazungushia utepe mweusi, pikapu ikanguruma vizuri. Alipokuwa anafunga boneti aliona kibandiko kilichofunikwa na vumbi la saruji, akakipangusa kwa kidole. Kilikuwa na picha ya mkono na mstari mwekundu juu yake. Alinitazama, akaishusha boneti taratibu, nami nilimshukuru moyoni kwa hilo.

Mume wangu aliporudi nyumbani aliuliza walikuta nini. Nilifikiria kumdanganya, lakini sijawahi kuweza. Nikamwambia kuhusu ule waya.

"Kwa hiyo ilikuwa ya tatu."

"Ilikuwa ya tatu," nikamwambia. "Hukukosea."

"Panya," alisema, akaanza kucheka. Wageni waliokuja kumpa pole aliwasimulia hivyohivyo, kwamba amekatwa mkono na panya, wakacheka kwa sababu yeye alicheka. Mimi nilikuwa naenda jikoni. Kicheko kile sikukipenda hata siku moja.

Shemeji alikuja mwisho kabisa, mama mkwe akiwa amemshika mkono kama mtoto anayepelekwa shule. Hakuweza kukaa kitini. Alisema amepata mtu wa kuichukua pikapu, hataki kuiona tena, bora abebe matofali kwa kichwa. Nilikuwa nimejiandaa kumpasulia ukweli wangu wote, lakini nilipomwona alivyokonda, nikaenda kumletea chai. Alimletea kaka yake gari kwa kumheshimu, na kaka yake alilipokea kwa kumpenda. Hakuna mmoja wao niliyeweza kumshika shati.

"Ukiliuza," mume wangu alimwambia, "mkono wangu utakuwa umekwenda bure. Liendeshe."

Basi analiendesha. Kila asubuhi anapita nalo mbele yetu na mzigo wake, anapunguza mwendo, na mume wangu aliyekaa mlangoni mwa gereji anageuza kichwa kulisikiliza. Gereji haina magari siku hizi. Wateja walikuja mwanzoni kwa huruma, halafu huruma ikapata gereji nyingine, na siwalaumu. Dukani bado tunapata cha kusukumia siku.

Juzi shemeji alisimama. Alishuka na aibu yake ileile, akasema kuna mtetemo kidogo tangu jana, pengine ni yeye tu anaufikiria. Hakuomba kitu. Mume wangu akainuka. Akaiendea pikapu kama alivyoyaendea magari yote, na mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe, shati limekunjwa na kubanwa kwa pini pale unapoishia. Ukasimama hewani juu ya boneti. Shemeji alitazama chini. Mume wangu akaushusha, akaweka wa kushoto, akafumba macho, akausogeza huku na huku. Kisha akasema mkono ule ni bubu, haujawahi kujifunza.

Akaniita. Nilitoka dukani nikifuta mikono kwenye khanga.

"Weka kiganja hapa," alisema. "Tulia. Unasikia nini?"

Nikaweka. Bati lilikuwa la moto. Nikafumba macho kama nilivyomwona akifanya maisha yetu yote ya ndoa, nikazuia pumzi.

"Inatetemeka," nikasema.

"Najua. Upande gani?"

Nilitafuta. Mungu anajua nilitafuta kwa kila kidole. Nilitaka nimpe hata kitu kidogo, nimwambie kulia au kushoto, mbele au nyuma, lakini chini ya mkono wangu kulikuwa na mtetemo tu, wa kila mahali, usiosema chochote.

"Sijui," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Akamwambia mdogo wake aipeleke mjini, asichelewe, wale watu wanajua kazi yao. Kisha akarudi mlangoni kwenye kiti chake. Mimi nikabaki na kiganja pale juu, macho nimefumba, mpaka shemeji aliponiambia taratibu kwamba anataka kuondoka.