Wanzuki ya Mama Kwenye Kaunta ya Ngassa

Nilimwambia mama avae kitenge kipya, maana tulikuwa tunakwenda kuheshimiwa. Kuheshimiwa! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kaka yangu Ngassa amefungua baa Masumbwe. Si baa ya viti vya plastiki na muziki wa kupasua masikio. Ni kibaa kidogo cha mtaani chenye makochi, mito ya kitenge na taa za rangi ya asali, na yeye mwenyewe yuko kaunta na aproni yake, anatikisa kokteli. Ile inayosifiwa kuliko zote anaichanganya na ndimu, tangawizi na wanzuki, pombe yetu ya asali. Wanzuki hiyo anaipika mama yetu kule Tinde na kumtumia kwa basi kwenye dumu.

Mama hajisumbui kwa ajili ya faida. Miaka ya nyuma baba mdogo Maganga alikunywa wanzuki nyumbani kwetu, na asubuhi hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Majirani walisema mkono wa Mama Ngassa unaua ndugu, wageni hauwagusi. Tangu hapo hakuna ndugu wala jirani aliyegusa pombe yake, hata msibani walimpa kazi ya kuchota maji tu. Kwa hiyo Ngassa alipomwomba ampikie kwa ajili ya baa, mama alilia kwa furaha.

"Mwanangu ananisafisha jina," aliniambia.

Basi Jumamosi moja, jua halijazama, tukaingia. Ngassa alitoka kaunta mbio.

"Shikamoo mayu. Mbona hamkusema mnakuja?"

"Marahaba, baba. Mtu anapiga hodi kwa mwanawe?"

Mama alicheka, Ngassa hakucheka. Alitupeleka kwenye kochi la nyuma kabisa, jirani na choo, akatuletea soda. Mama mzazi, ambaye jasho lake ndilo linalojaza watu kwenye yale makochi, anapewa soda ya chungwa mlangoni pa choo! Nilifungua mdomo nimpashe, mama akanifinya paja. Nikameza soda na matusi yangu pamoja.

Pale kaunta alikaa mnunuzi wa dhahabu aitwaye Gregory, ameshamaliza glasi moja ya kokteli ya wanzuki na anasubiri ya pili.

"Hii kitu unaitoa wapi, bosi?" aliuliza kwa sauti.

"Dar, mzee. Kuna kampuni inaitengeneza," Ngassa akajibu bila hata kupepesa.

Mama alisikia. Akainuka, akajifunga vizuri kitenge chake, akatembea hadi kaunta. Glasi ya pili ya Gregory ilikuwa ndiyo kwanza imejazwa. Akaichukua, akanywa funda moja mbele ya watu wote.

Kwetu aliyepika pombe ndiye huonja kwanza, ili watu waone haina kitu. Akishaonja yeye, anaonja mwenye nyumba, ndipo mgeni anakunywa. Hakuna mtoto wa huku asiyelijua hilo, na Gregory ni wa huku huku. Akavua kofia.

"Kumbe ni ya kwako, mama! Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Kisha mama akamgeukia Ngassa, akamnyooshea glasi kwa mikono miwili. "Nimeonja. Sasa wewe mwenye nyumba."

 Nikasema moyoni, haya, kaka, hapa ndipo pa kumtoa mama aibu. Funda moja tu.

"Mayu, mimi sinywi nikiwa kazini," alisema Ngassa.

Uongo mtupu! Tangu tuingie alikuwa akionja kila alichochanganya kwa mrija, isipokuwa glasi za wanzuki. Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu na sikuelewa. Sasa alikuwa amerudi nyuma mpaka mgongo umegusa rafu ya chupa, jasho linamtoka puani, anaitazama glasi ya mama yake. Aliamini. Miaka yote hiyo aliamini, na aliwauzia wengine kwa sababu wao si ndugu.

"Kunywa, mwoga wewe!" nilipiga kelele. "Kunywa, au nikumwagie usoni!"

Hakunywa. Mama alisubiri, glasi bado ameinyoosha. Akaiweka glasi mbele ya Gregory taratibu, akapita nyuma ya kaunta, akabeba dumu lake la wanzuki, akatoka. Ngassa alimpisha.

Nje nilimpokea dumu huku nikitukana ukoo mzima, na mimi mwenyewe nikiwemo. Mama alinisimamisha.

"Na wewe, Apolonia?" aliuliza polepole. "Ukija nyumbani, ile ninayokupa huwa unainywa, au unaimwaga nikigeuka?"

 Niling'oa kifuniko, nikaliinua dumu kwa mikono miwili, nikanywa palepale barabarani, waendesha bodaboda wakishangilia wasijue wanashangilia nini. Nilipopumua nilimwona bado ananikazia macho. Nikaliinua tena.