Shuka la Ludmila Halikuchafuka

Tangu wanaume wagome Julai ile ya 1959, Ludmila alikuwa akianika mashuka nje na kuyaanua meupe pepepe. Weupe huo ulimkosesha usingizi. Pale Pennsylvania, kwenye mtaa wao wa Waslovakia, masizi ya kiwanda cha chuma yalikuwa ndiyo mkate. Shuka safi, chungu kitupu.

Novemba serikali ikaamuru watu warudi kazini. Mumewe, Ondrej, akavaa viatu, akavivua, akavivaa tena.

"Bwana wee, hivyo viatu vimekukosea nini?"

"Hebu nyamaza, nasikiliza king'ora cha kiwanda."

Tangu atoke vitani, Ondrej alikuwa fundi wa tanuru namba nne, kongwe kuliko yote, lililokuwa nyuma ya nyumba yao na kumwaga masizi uani kwao. Msimamizi alimwambia: likiwashwa, utaitwa. Lisipowashwa? Msimamizi alitazama pembeni.

"Kaka yangu anasema kule mbali kwenye viwanda vya magari wanaajiri," Ludmila alisema.

"Nikakaze tairi? Mimi, mpika chuma?"

"Hata Wajapani wanapika. Misumari yao imejaa dukani."

"Hawa tuliowapiga juzijuzi?"

"Hao hao. Tena misumari yao haipindi."

Ondrej akavua kiatu kimoja.

Mtaani kwao, mgomo ukiisha kila mke huanika shuka moja nje makusudi. La kwanza kuchafuka, mwenyewe hununuliwa bia. Ludmila alitundika lake, akawa anatoka na kuingia kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mara jirani yake Pavlina akapiga kelele: "Limeharibika! Jamani, limeharibika kabisa!" Akacheza na shuka lake jeusi. Mtaa mzima ukaitikia, ua kwa ua, vicheko tupu.

"Shoga, lako bado linaona haya?" Pavlina alimtania Ludmila.

Ludmila alipitisha kidole kwenye shuka. Safi. Ondrej akatoka na kiatu kimoja mguuni, akainua macho kwenye bomba la moshi la tanuru namba nne. Juu kabisa, mdomoni pa bomba, njiwa alikuwa ametua, anajikuna.

Pavlina alimwona njiwa. Kicheko kikamkatika. Akavuka ua na shuka lake, akaanza kulisugua kwenye lile jeupe, kama anayemfuta mtoto machozi.

"Liache, Pavlina," Ondrej alisema. "Tutalihitaji safarini."

Akarudi ndani kutafuta kiatu cha pili.