Sala ya Ufunguzi

Binti yangu Natalie alisomeshwa na Sweden hadi wakamwachia ukumbi mzima wa makumbusho aujaze mapepo. Yeye hayaiti mapepo. Huyaita sanaa takatifu ya Vodou, dini ambayo watu wa Haiti walitoka nayo Afrika wakiwa utumwani, na ameikusanyia ngoma, bendera za shanga, chupa zilizovishwa nguo, na msalaba mweusi wenye kofia ya bwana harusi. Ni maonyesho yake ya kwanza. Mama mwingine angejigamba. Mimi, Wanjira, ni mwenyekiti wa Mama wa Maombi katika kanisa letu la Hagsätra, pembezoni mwa Stockholm, na mchungaji alilitaja jambo hilo madhabahuni akiniangalia mimi.

Natalie akanipigia simu. Mtoto huyo hunijibu Kiswidi hata nikimsemesha Kiswahili, lakini siku hiyo alichagua Kiswahili ili nisisingizie kwamba sikumwelewa.

"Mamma, njoo uone kazi yangu. Lakini ukija kukemea, usiniite mtoto wako tena."

Nilikata simu kwanza, halafu nikalia. Ninaye huyo mmoja tu. Lakini Queen, katibu wetu, Mganda asiyejua kunong'ona, aliniuliza kama mwenyekiti anayeyaogopa mapepo ya bintiye ataweza kweli kuyafukuza ya watu. Basi tukapanga. Tungeingia kimya kimya, tuzunguke, tupake mafuta ya upako milangoni, tukemee chini kwa chini, tutoke. Natalie hangejua.

Kimya kimya, nasema, na bado tukavaa sare. Vita vya kiroho haviendewi na nguo za nyumbani. Gauni jeupe, kilemba cheupe, mtandio mweupe, na ndani suruali mbili za sufu, kwa sababu Januari ya Stockholm haijaokoka. Kwenye treni mtoto mmoja alimwuliza mama yake kama sisi ni wapishi.

Mlangoni alitangulia Mama Juvénal, Mkongomani wetu. Akimwona Mzungu mwenye suti, Kifaransa humtoka chenyewe.

"Bonsoir, monsieur. C'est ici, les esprits?" Alikuwa anauliza kama mapepo yako hapo.

Bwana yule alikuwa Thomas, mkurugenzi wa makumbusho. Aliushika mkono wa Mama Juvénal kwa mikono miwili, macho yamemlegea kwa furaha. Kumbe walikuwa wanamngoja kuhani wa kike wa Haiti na wanawake wake, wenye kuvaa meupe kutoka kichwani hadi miguuni, waje kubariki ufunguzi. Ndege yao ilikuwa imekwama Paris kwa theluji, na Thomas alikuwa hajaambiwa. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona tu tunapitishwa mbele ya foleni bila kukaguliwa mikoba, nikamshukuru Mungu kwa kutufungulia njia.

Tukaanza kazi. Queen akapaka nguzo mafuta, na wapiga picha wakamsogelea kwa adabu. Mama Juvénal akakutana na picha ya Bikira Maria mweusi mwenye makovu shavuni, Ukatoliki wa utotoni ukamzidi nguvu, akapiga magoti na ishara ya msalaba. Kibao kilieleza kwamba Wahaiti wanamheshimu katika picha hiyo pepo wao Ezili Dantor. Watu wakapiga makofi ya chinichini. Miaka yote niliyomhubiri Yesu kwenye kituo cha treni, hakuna aliyenipigia makofi.

Halafu nikamwona Natalie. Alisimama kando ya ule msalaba mweusi, kipaza sauti mkononi, uso umemkauka. Thomas akatangaza kwa Kiswidi kwamba mama mkuu atafungua maonyesho kwa sala, na Natalie, mwenye lugha nyingi, atatufasiria. Akanisogeza mbele taratibu.

Nikisema mimi ni nani, mtoto wangu ataaibika mbele ya wakubwa wake. Nikinyamaza, nimekuwa mgeni wa heshima wa mapepo. Natalie hakusema ananijua, wala hakusema hanijui. Alinisogezea kipaza sauti tu.

Nilifumba macho. Mdomo ukaenda ulikozoea.

"Kila pepo lililojificha katika vitu hivi, nalifunga kwa damu ya Yesu. Lishindwe!"

Kisha nikasikia sauti ya binti yangu, kwa Kiswidi safi: "Anawasalimu wote waliomo katika vitu hivi, na anawaomba watulie."

Kiswidi nakijua, wagonjwa ninaowauguza katika hospitali ya Flemingsberg hawaulizi dawa kwa Kikikuyu. Nilifumbua jicho moja. Hakuwa ananiangalia.

"Kila madhabahu ya giza naibomoa iwe majivu."

"Anasema hata madhabahu huchakaa," akafasiri Natalie, "ndiyo maana tunazitunza."

Mama mmoja mwenye mvi alifuta machozi. Nyuma yangu Queen akasema Amina kwa sauti yake yote, na ukumbi mzima ukaitikia.

Hasira ilinipanda, kisha ikaniacha hapo hapo. Mtoto anayekikwepa Kiswahili siku zote alikuwa anakidaka neno kwa neno, na kila neno analitafutia pa kunificha. Alikuwa ananilinda mimi, niliyekuja kumharibia. Maneno ya vita yakaniishia.

"Baba," nikasema, "naogopa. Nilimzaa mtoto huyu ugenini, bila mama wala dada wa kunipokelea. Amekua, anajua mambo nisiyoyajua. Usimwondoe kwangu. Kama ni lazima nichague leo, unisamehe, Bwana, namchagua yeye."

Nikangoja tafsiri. Haikuja. Thomas akakohoa.

"Natalie? Anasemaje?"

Natalie aliteremsha kipaza sauti. "Hiyo haikuwa ya maonyesho," akamjibu. "Ameongea na mimi. Ni mama yangu."

Thomas alifurahi kupita kiasi. Akasema laiti angejua mapema kwamba Natalie ni binti wa kuhani, angempa ukumbi mkubwa wa juu. Natalie akafungua mdomo amsahihishe. Nikamfinya mkono.

"Mwache," nikamwambia. "Hapo kwenye binti hajakosea."